Kovu la Uji

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai,
juu ya paa la ghorofa moja Upper Hill,
nimevaa nguo ya kuogelea.
Baridi ya Nairobi haijaambiwa kwamba leo mimi ni Desemba.
Mutwiri, mpiga picha, ana makoti mawili na glavu.
"Tabasamu," asema, "kama mtu aliyetoka baharini sasa hivi."
Natabasamu. Meno yanagongana.
Anayangoja yatulie, kisha anabofya.

Viatu ni namba thelathini na tisa.
Miguu yangu ni arobaini na moja tangu darasa la saba.
Hakuna aliyeniuliza. Hapa huulizwi,
hapa unavalishwa.
Fundi Mulei, pini zimemjaa mdomoni,
ananizunguka kama apimaye mlango:
kifua, kiuno, nyonga, anavitaja kwa meno,
na msichana aliyeketi kwenye stuli anaandika.
Nilichungulia daftari lake.
Jina langu ni Mrefu wa Pili.

Nimekunywa maji moto na ndimu.
Jana vilevile.
Njaa si mgeni kwangu, tulilala nayo nyumbani,
ila ile tuliificha majirani wasiione;
hii napongezwa nayo.
Madamu Rukia hunibana ubavuni kwa vidole viwili,
akikosa cha kushika husema, "Safi."
Wahenga walimsema sana mkakasi,
uzuri wake, na kile kipande cha mti ndani.
Hawakumuuliza mkakasi
amekula nini tangu jana.

Malipo ni baada ya siku tisini.
Siku tisini ni kodi tatu kule Umoja,
ni mara tatu kuzima taa nikisikia ndara za Bwana Gichohi ngazini.
Mara nyingine hakuna malipo, kuna ahadi:
"Utaonekana."
Nimeonekana.
Nimeonekana mpaka nikachoka.
Bwana Gichohi hapokei kuonekana.

Nina miaka ishirini na tisa. Kwenye fomu, ishirini na tatu.
Kila mwaka nasherehekea siku ya kuzaliwa
na kubaki palepale.

Septemba wakalipandisha bango Barabara ya Mombasa,
mimi, urefu wa nyumba tatu, nikiuza likizo.
Wiki hiyo mama alikuja kutoka Keroka,
alikuwa na kliniki ya macho Kenyatta.
Nikampeleka alione.
Tulisimama kwenye vumbi, malori yakipita,
naye akafunga jicho moja, lile bovu,
akaniangalia kwa lile zima, kwa muda mrefu.
Nilidhani atasema juu ya mapaja.
Nilikuwa nimejiandaa kwa mapaja.

"Kerubo, huo mkono si wako."
"Ni wangu, mama."
"Kovu langu wamelipeleka wapi?"

Langu, alisema.
Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki kitu.
Yeye anakumbuka sufuria, uji wa wimbi ukitokota,
kiwiko chake kilichogeuka ghafla,
na mbio, peku, mpaka zahanati,
ngozi yangu ikibaki kwenye leso yake.
Miaka ishirini na sita analibeba kovu hilo
kwenye mkono wangu.

Nikamweleza kwamba kuna mashine,
kwamba kijana hubonyeza tu likaondoka,
haichukui hata dakika.
"Dakika," akasema.
Hakusema zaidi.

Kisha pale pale barabarani
akanikunja mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko,
akaweka kidole gumba mahali penyewe,
akapapasa, kama atafutaye swichi gizani.
"Liko," akasema.

Akanishusha mkono wa sweta.
"Na ile nguo, walikupa?"
"Hapana."
"Na pesa?"
"Desemba."
Akaliangalia tena bango, mara ya mwisho, kwa jicho zima,
akafungua fundo la leso, akahesabu noti kimyakimya.
"Haya. Twende ukale."